Diski Mpya Nayo Ipimwe

Ukiingia dukani Kariakoo au Luthuli Avenue kutafuta diski za seva ya kuhifadhia picha, video na nyaraka za familia, swali la kwanza linalokujia mdomoni ni kampuni ipi iliyo bora. Muuzaji atakujibu bila kusita, na jirani yako atakujibu kinyume chake, kila mmoja akitoa ushahidi wa diski moja iliyomfia. Naliona swali hilo kuwa ndilo linalopoteza wanunuzi wengi. Diski ngumu za sahani zinazozunguka hutengenezwa leo na kampuni tatu tu duniani: Seagate, Western Digital na Toshiba. Maxtor ilinunuliwa na Seagate mwaka 2006, biashara ya diski ya Samsung ikafuata njia hiyohiyo mwaka 2011, na ile ya Hitachi ikaingia Western Digital mwaka 2012. Tena tofauti kati ya modeli mbili za kampuni moja mara nyingi huzidi tofauti kati ya kampuni na kampuni. Backblaze, kampuni ya Marekani inayotunza data za wateja na ambayo tangu 2013 imekuwa ikitangaza takwimu za diski zinazoharibika kwenye seva zake, ilikuta diski ya Seagate ya TB 3 yenye namba ST3000DM001 ikifa kwa wingi wa kutisha, huku ST4000DM000 ya TB 4, yenye nembo ileile, ikidumu vizuri zaidi. Na hata ukiijua modeli nzuri, huununui wastani wa modeli. Unanunua diski moja iliyopanda meli, ikashushwa bandarini, ikarushwa kwenye lori na kukaa stoo, na hakuna takwimu ya Marekani inayojua yaliyoipata hiyo moja njiani. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: chagua diski kwa mambo unayoweza kuyathibitisha mwenyewe, kisha uipime yote, mwanzo hadi mwisho, kabla hujaikabidhi faili hata moja, hata kama imetoka kwenye boksi lililofungwa.

Wapo watakaosema kwamba karatasi ya maelezo imekwisha kutoa uhakika huo. Kweli, diski nyingi huandikiwa kwamba wastani wa kuharibika ni baada ya saa milioni moja au zaidi, yaani miaka kama 114. Namba hiyo haina maana kwamba diski yako itaishi kuliko wajukuu wako. Ni hesabu ya kundi, na ukiigeuza inadai kwamba katika kila diski 100 haifiki hata moja inayoharibika kwa mwaka: asilimia 0.88. Mwaka 2007 Bianca Schroeder na Garth Gibson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walizichunguza kumbukumbu za diski zipatazo 100,000 zilizokuwa kazini, wakakuta kiwango halisi kwa kawaida kinapita asilimia 1 kwa mwaka, mara nyingi kikiwa kati ya 2 na 4, na mahali pengine kikifika 13. Hawakuona pia kwamba diski ghali za seva kubwa zilibadilishwa mara chache kuliko zile za SATA za bei nafuu. Chukua asilimia 2 uipeleke nyumbani kwako: seva ya diski nne, miaka mitano. Uwezekano kwamba angalau diski moja itakufa katika muda huo ni kama mmoja kati ya mitatu. Hiyo ndiyo hali unayoinunulia diski, na ndiyo maana bei ya juu peke yake haiwezi kukulinda.

Sasa tuyatazame yale yanayoweza kuthibitishwa. La kwanza, na ndilo linalowaumiza wengi bila wao kujua, ni namna diski inavyoandika data. Zipo diski zinazoandika kila njia ya sumaku kando ya nyingine bila kugusana, nazo huitwa CMR. Zipo nyingine zinazolaza njia moja juu ya sehemu ya jirani yake, kama makuti yanavyolaliana kwenye paa, ili data nyingi zaidi zienee kwenye sahani ileile. Hizo ni SMR. Ukitaka kubadilisha kuti moja la katikati ya paa, huna budi kuyafumua yaliyolilalia, na diski ya SMR ndivyo inavyofanya: kuandika kidogo katikati hulazimisha kuandika upya eneo zima. Kwa diski ya nakala inayoandikwa mara moja kwa wiki na kuwekwa kabatini, SMR haina neno, na anayeitetea kwa matumizi hayo ana haki. Katika seva ya diski kadhaa mambo hugeuka siku diski moja inapokufa na mpya iliyowekwa mahali pake inapaswa kujazwa upya kwa saa nyingi mfululizo. Mwaka 2020 ilibainika kwamba Western Digital ilikuwa imeingiza SMR katika baadhi ya diski za WD Red za TB 2 hadi 6, zilizouzwa mahususi kwa seva za nyumbani, bila kuwaeleza wanunuzi. Katika jaribio lililochapishwa na tovuti ya ServeTheHome mwaka huo, kujaza upya diski ya aina hiyo yenye TB 4 katika mfumo wa faili wa ZFS kulichukua zaidi ya siku tisa, ilhali diski za CMR zilimaliza chini ya siku moja. Katika siku hizo tisa seva nzima ingekuwa inategemea diski zilizobaki zisilegee. Kwa hiyo jina lililo usoni mwa diski halitoshi. Soma namba kamili ya modeli. WD40EFRX ni CMR na WD40EFAX ni SMR, na macho ya haraka huzichanganya. Tangu sokomoko lile kampuni zimechapisha orodha zinazoonyesha modeli ipi ni ya aina gani. Muuzaji asiyetaka kukusomea namba yote kabla hujalipa, mwache na bidhaa yake.

Mengine ya kuthibitisha ni mepesi. Diski za kompyuta ya mezani kwa kawaida hukadiriwa kubeba TB 55 za kazi kwa mwaka, na zile za seva ndogo TB 180. Kwa nyumba nyingi hata hizo 55 ni nyingi. Tofauti yenye uzito zaidi ni jinsi diski inavyohangaika na sehemu isiyosomeka. Diski ya mezani inaweza kung'ang'ania sehemu moja kwa muda mrefu, na mfumo wa RAID, ule unaoziunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, ukadhani imekufa ukaitoa. Diski ya seva hukata tamaa baada ya sekunde kama saba na kuiacha RAID ichukue data hiyo kwenye diski nyingine. Amri ya smartctl -l scterc /dev/sdb itakuonyesha kama diski yako ina uwezo huo. Diski za kamera za ulinzi, kama WD Purple na Seagate SkyHawk, zimejaa madukani kwetu na hufanya kazi vizuri kwenye seva ya nyumbani mradi umehakikisha ni CMR. Zile ndogo za mfukoni za USB ziache zibaki mfukoni: nyingi ni SMR, na baadhi zina tundu la USB lililounganishwa moja kwa moja kwenye bodi ya diski, kiasi kwamba huwezi hata kuzifunga kwenye kompyuta. Na ukiuliza kwa nini usinunue SSD tupu uepuke haya yote, jibu ni bei ya kila terabaiti. Weka SSD moja ndogo kwa mfumo endeshi na uachie sahani zinazozunguka kazi ya kubeba mzigo.

Diski za mtumba sizipingi. Iliyotoka kwenye kituo cha data, ikiuzwa kwa jina lake na kwa bei yake, inaweza kukutumikia miaka. Ubaya ni mtumba unaovishwa nguo mpya. Januari 2025 tovuti ya habari ya Heise ya Ujerumani ilianza kuandika habari za wateja walionunua diski za Seagate kama mpya, zikaonyesha saa sifuri au chache za kazi, kumbe zilikwishatumika kwa saa kati ya 15,000 na 50,000. Kumbukumbu ya kawaida ya diski, ile iitwayo SMART, ilikuwa imefutwa. Kilichowaumbua wauzaji ni daftari jingine la ndani la Seagate liitwalo FARM, ambalo halikuguswa, na dalili zilielekea kwenye mashamba ya kuchimba sarafu ya kidijitali ya Chia. Ikiwa una diski ya Seagate, amri smartctl -l farm /dev/sdb, katika toleo la 7.4 la smartctl na kuendelea, hufungua daftari hilo. Linganisha saa zake na zile za SMART, na zikitofautiana sana irudishe. Kwa kampuni nyingine tazama saa za kazi, mikwaruzo ya skrubu kwenye matundu ya kufungia, na vumbi kwenye plagi. Saa 40,000 ni kazi ya usiku na mchana kwa miaka minne na nusu. Hakuna ubaya kuinunua diski ya umri huo ikiwa unajua ndivyo ilivyo na bei inakiri umri wake. Omba risiti yenye namba ya pekee ya diski, na mkubaliane kwa maandishi siku za kuirudisha zisizopungua kumi na nne, maana kipimo kinachofuata kinakula siku.

Kipimo chenyewe kinahitaji kompyuta yoyote yenye nafasi ya SATA na Linux iliyowashwa kutoka kwenye flashi, pamoja na programu mbili zisizolipiwa, smartmontools (yenye amri ya smartctl) na badblocks. Kwanza hakikisha unajua ni diski ipi unayoigusa, kwa sababu hatua ya badblocks hufuta kila kitu: andika lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL na ulinganishe namba ya pekee na ile iliyo kwenye karatasi ya diski, kisha badala ya sdb katika amri zote uandike jina la diski hiyo. Kisha ihifadhi hali yake ya mwanzo kwa smartctl -x /dev/sdb > mwanzo.txt. Endesha jaribio fupi kwa smartctl -t short /dev/sdb, ambalo humalizika kwa dakika mbili hivi, na likifaulu endesha lile refu, smartctl -t long /dev/sdb, ambalo husoma uso wote wa diski na huchukua saa nyingi. Baada ya hapo ndipo kazi kubwa: badblocks -b 4096 -wsv /dev/sdb. Programu hii huandika mpangilio mmoja wa biti kwenye diski nzima, ikausoma tena kuhakiki, kisha ikarudia kwa mipangilio mingine mitatu. Ni safari nane za kutoka ukingo wa sahani hadi ndani. Kwa diski ya TB 8 inayokwenda wastani wa MB 180 kwa sekunde, kila safari ni zaidi ya saa 12, na zote nane ni kama siku nne. Kwa diski za TB 18 na kuendelea badilisha 4096 iwe 8192, la sivyo programu itakataa. Ikimaliza, rudia jaribio refu la SMART, hifadhi hali ya mwisho kwenye faili jingine, na uweke hizo mbili ubavu kwa ubavu. Muda wote huo diski iwe na feni inayoipulizia. Diski iliyolala juu ya meza ya mbao bila hewa hupata joto kuliko itakavyopata ndani ya seva, na utakuwa unapima meza.

Umeme wetu nao una neno lake. Mgao ukikata kazi katika siku ya tatu, badblocks huanza upya. Njia ya kuepuka hilo ni kuipima diski kwa vipande: mwishoni mwa amri andika bloku ya mwisho, kisha ya kuanzia. Kwa mfano, badblocks -b 4096 -wsv /dev/sdb 488000000 0 hupima TB 2 za mwanzo, kipande cha siku moja hivi. Kesho yake endelea kutoka 488000001. UPS ndogo ni bora zaidi, na seva utaihitaji UPS hata baada ya kipimo, kwani umeme unaokatika katikati ya kuandika huharibu mpangilio wa faili hata pale diski yenyewe inaposalimika.

Katika kusoma matokeo watu wengi huogopa visivyoogopesha na kupuuza vinavyoogopesha. Diski za Seagate huonyesha namba kubwa mno kwenye vipengele vya SMART cha 1 na cha 7. Hiyo ni namna yao ya kuhesabu, wala si ugonjwa. Anayetumia CrystalDiskInfo kwenye Windows akumbuke kwamba kwa kawaida programu hiyo huonyesha namba ghafi kwa mfumo wa heksadesimali. Vya kutazama ni vitano ambavyo Backblaze pia huvifuata: cha 5, sekta zilizohamishwa baada ya kuharibika; cha 187, makosa yaliyoshindikana kurekebishwa; cha 188, amri zilizochelewa kupita kiasi; cha 197, sekta zinazotiliwa shaka; na cha 198, zilizoshindikana kusomwa. Kwenye diski mpya nataka 5, 197 na 198 ziwe sifuri kabla na baada. Muuzaji atasema sekta nane kati ya mabilioni si kitu, na kwa hesabu ya nafasi ana haki: diski ina akiba ya sekta kwa ajili hiyo. Kwa hesabu ya hatari hana haki. Watafiti wa Google, Pinheiro, Weber na Barroso, waliochunguza zaidi ya diski 100,000 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2007, walikuta kwamba baada ya kosa la kwanza la kusoma uso, diski ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko diski isiyo na kosa. Diski ya namna hiyo irudi dukani siku hiyohiyo. Kipengele cha 199 kikipanda wakati vingine vimetulia, mtuhumiwa ni waya wa SATA. Ubadilishe na upime tena kabla ya kumlaumu mtu.

Utafiti uleule una upande unaoonekana kuibomoa hoja yangu, na sitaki kuuficha. Zaidi ya nusu ya diski zilizokufa, asilimia 56, hazikuwa zimeonyesha hata dalili moja kati ya zile nne za SMART ambazo watafiti hao waliziona zenye nguvu. Basi kipimo cha nini, ikiwa diski safi leo inaweza kufa kesho bila kuaga? Jibu langu ni kwamba kipimo hakitabiri mauti ya miaka mitatu ijayo. Kinawaondoa wagonjwa waliopo sasa, wakati bado una risiti, wakati data zako bado ziko salama kwingine. Diski iliyoumia safarini, yenye kichwa kibovu au sehemu ya sahani isiyoandikika, ikijulikana wiki ya kwanza ni usumbufu wa kurudi dukani. Ikijulikana mwaka wa pili, usiku ambao diski mwenzake imekufa na kila sekta inahitaji kusomwa, ni picha za harusi zilizopotea.

Hapo ndipo ilipo pia kasoro ya wanaosema RAID inatosha. RAID hujenga upya diski iliyokufa kwa kuzisoma zile zilizobaki, tena zote kikamilifu, na eneo ambalo halijawahi kusomwa tangu dukani ndilo linaloweza kukuangusha saa hiyo. Kwa sababu hiyohiyo nashauri usinunue diski zote nne kutoka kasha moja. Zilizotengenezwa siku moja na kusafiri pamoja zinaweza kuwa na ugonjwa mmoja. Na RAID haikurudishii faili ulilofuta kwa bahati mbaya, wala haimzuii mwizi kuondoka na seva nzima. Nakala ya pili nje ya nyumba, hata kama ni diski moja ya SMR kwa dada yako mtaa wa pili, inabaki kuwa ya lazima.

Kuna wanaohofu kwamba safari nane zinaichakaza diski kabla ya kazi. Kwa diski ya TB 8 safari hizo ni jumla ya TB 64, yaani kama theluthi ya kazi ya mwaka mmoja kwa diski iliyokadiriwa TB 180. Si kidogo, lakini diski inayoumia kwa mzigo huo imekwambia ukweli mapema. Ukiona siku nne ni nyingi mno, badblocks -b 4096 -wsv -t 0 /dev/sdb huandika sifuri mara moja na kusoma mara moja, kazi ya siku moja. Hicho ndicho kiwango cha chini ninachoweza kukipendekeza. Jaribio fupi la dakika mbili peke yake halitoshi, kwa sababu haligusi sehemu kubwa ya uso wa diski.

Kuhusu joto, anayeishi Dar es Salaam au Mombasa hana haja ya kuhangaika diski ikisoma nyuzi 40. Watafiti wa Google hawakuona joto la wastani likiua diski kama ilivyodhaniwa. Madhara yalijitokeza kwenye joto la juu sana, hasa kwa diski zilizozeeka. Lenga isipite 45, na seva isikae kwenye kabati lililofungwa. Pwani, hewa ya chumvi na unyevu huila plagi na bodi, basi iweke mbali na dirisha linalotazama bahari.

Diski ikishafaulu na kuingia kazini, panga jaribio refu la SMART mara moja kwa mwezi na ukaguzi wa data zote, ambao ZFS huuita scrub, wiki tofauti na hilo. Bandika kwenye kila diski karatasi yenye namba yake ya pekee kwa maandishi makubwa na tarehe ya kununuliwa, upande unaoonekana ukifungua seva, ili siku seva ikikwambia diski ya namba fulani imelegea usije ukachomoa iliyo nzima. Lile faili la mwanzo.txt lihifadhi nje ya seva yenyewe, kwenye simu au barua pepe, mahali utakapolipata siku kipengele cha 5 kitakapoacha kuwa sifuri.